Ile lugha ya Leftfield ni ya nani?

Wiki mbili sijaandika kitu humu. Waliokuwa wananiuliza kama nimeoa au nimefungwa, jibu ni hapana kwa yote mawili. Nilikuwa mkoani kwa kazi ya gazeti, na pale nilipofikia mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Sasa nimerudi, na nimerudi na swali ambalo halihusiani kabisa na nilichotumwa kukiandika. Limeninyima usingizi, kwa hiyo nawagawia na ninyi.

Lilianzia chumba cha habari, juzi usiku. Kurasa zote zilikuwa zimeshakwenda, tumebaki watu watano tunasubiri ukurasa wa kwanza uidhinishwe. Nikaunganisha simu yangu na kile kispika cha dawati la michezo, nikaweka albamu moja ninayoipenda sana, *Leftism* ya Waingereza wanaojiita Leftfield. Wimbo wa kwanza ukapita, watu wanachezesha vichwa. Ukaingia wa pili, unaitwa "Afro-Left". Mwanamume anaghani haraka haraka, maneno yanamiminika kama mahindi kwenye mashine, ngoma zinamfuata.

"Kaka, hicho Kilingala cha wapi?" akauliza msanifu wetu wa kurasa.

Mpiga picha akaruka. "Kilingala gani bwana! Mimi nimekulia Kigoma, Kilingala nakijua hata kwenye usingizi. Hicho ni cha Afrika Magharibi huko."

Mzee wetu wa gari, ambaye baba yake ni Mmakonde, akasikiliza akiwa amefumba macho. Akasema si Kimakonde, lakini kinaweza kuwa cha Msumbiji, ndani ndani kule. Dada wa michezo akaapa amesikia neno "mama". Na mimi, ili niwe mkweli mbele yenu, mara ya kwanza kuusikia wimbo huu niliapa nimesikia "njoo".

Wote tulikosa. Si Kilingala, si cha Msumbiji, si cha Afrika Magharibi. Jamaa anayeghani anajulikana kwa jina la Djum Djum, na anachokisema si lugha. Ni sauti za kubuni, zimepangwa zifanane na lugha ya Kiafrika kwenye sikio la mtu asiyejua lugha yoyote ya Kiafrika. Na kama mlivyoona, zimepangwa vizuri mpaka zikatudanganya sisi tunaozijua.

Watu wakacheka sana. Mzee wa gari hakucheka. Akauliza, taratibu: "Kwa hiyo huyo bwana katuimbia au katutukana?"

Hilo ndilo swali, ndugu zangu. Nilishindwa kumjibu pale. Najaribu kumjibu hapa.

Kwanza niwatambulishe, maana najua wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa albamu hii inatoka, kama mimi. Leftfield walikuwa wawili, Neil Barnes na Paul Daley, wa London. Barnes alianza na wimbo mmoja mwaka 1990, "Not Forgotten", uliotikisa kumbi za dansi za Uingereza. Daley, mpiga ngoma, akajiunga naye. Halafu wakaingia kwenye mgogoro wa mkataba na kampuni iliyokuwa ikiwatoa, na kwa muda wakawa hawawezi kutoa nyimbo zao wenyewe kwa jina lao. Wakaishi kwa kuzitengeneza upya nyimbo za wengine. Walipojinasua wakaanzisha lebo yao, Hard Hands, na Januari 1995 ikatoka *Leftism*. Nyimbo 11, karibu dakika 70.

Ilifika namba 3 kwenye chati ya albamu za Uingereza. Mwaka huo huo iliteuliwa kuwania tuzo ya Mercury, wakashindwa na Portishead na albamu yao ya *Dummy*. Mwaka 1996 walipiga Brixton Academy, London, na inasimuliwa kwamba spika zao zilikuwa na nguvu mpaka vipande vya dari vikaanza kuwaangukia watu. Mimi naiamini hadithi hiyo. Besi ya albamu hii ukiifungulia kwenye spika ya maana, jirani anakuja kugonga mlango, na hagongi kwa hasira, anagonga kuuliza kama kuna tetemeko.

Muziki wenyewe ni wa mashine. Lakini msidhani ni ule wa "tunts tunts" mnaousikia kwenye maduka ya simu. Hawa jamaa walikunywa kwenye rege mpaka wakalewa. Chini ya kila wimbo kuna dabu ya Kijamaika, ile besi nzito inayotembea kama mzee asiye na haraka. "Release the Pressure" inaanza polepole kama alfajiri, halafu sauti ya Mjamaika Earl Sixteen inaingia, na ukiwa ndani ya daladala ya jioni, umesimama, kiwiko cha mtu kipo mbavuni, unaelewa kabisa presha anayoisema ni ipi. "Melt" ni ya kulala chali. "Original" ameimba dada Toni Halliday kwa sauti baridi kama anakuacha na hana habari. "Inspection" ana Danny Red, anatamba kwa mtindo wa Kijamaika. "Open Up" ana John Lydon, yule wa Sex Pistols, anapiga kelele kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Sasa hesabuni na mimi. Earl Sixteen anasema kitu. Danny Red anasema kitu. Halliday anasema kitu. Lydon anasema kitu, tena kizito: wimbo wake unazungumzia Hollywood kuungua, na ulipotoka mwaka 1993 ukagongana na mioto mikubwa ya nyika kule California, video yake ikaondolewa kwenye kipindi cha televisheni Uingereza. Hayo ndiyo maneno. Maneno yana watu wanaoyaelewa, na kwa sababu wanayaelewa yanaweza kuwaudhi, yanaweza kufungiwa, yanaweza kujibiwa.

Kwenye albamu nzima kuna wimbo mmoja tu wenye jina la Afrika. Na huo ndio wimbo ambao mwimbaji wake anaghani dakika saba na hakuna alichosema.

Nilipoligundua hilo nilikasirika. Siwafichi. Nilisimamisha wimbo katikati nikavua hedifoni. Nilijisikia kama mtu aliyealikwa kwenye picha ya pamoja, akajipanga, akatabasamu, halafu picha imetoka akakuta mahali pake wameweka sanamu lenye nguo zake.

Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo tunayachanganya kila siku: kusikia na kusikiliza. Kusikia hakuhitaji nia. Honi unaisikia, mvua unaisikia, jogoo wa jirani unamsikia hata kama hutaki. Kusikiliza ni kumpa mtu nafasi kwamba huenda ana la kusema. Hoja yangu ya kwanza, ile ya hasira, ilikuwa hivi: Afrika kwenye muziki wa wakubwa inasikika sana, inasikilizwa kidogo.

Na mifano ninayo. Tuanze na wa kuumiza zaidi. Mwaka 1939, Johannesburg, Mzulu mmoja anaitwa Solomon Linda alirekodi wimbo wa "Mbube". Ndani yake kuna neno la Kizulu lenye maana ya "wewe ni simba". Santuri ikavuka bahari, Wamarekani wakausikia, hawakulipata neno vizuri, likawa "Wimoweh". Neno lililokuwa na maana likageuka mlio. Baadaye, mwaka 1961, mlio huo ukawa "The Lion Sleeps Tonight", ukaizunguka dunia, na mwaka 1994 ukaingia kwenye filamu ya *The Lion King*. Linda mwenyewe alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, haki za wimbo wake alikuwa ameziuza kwa shilingi 10. Familia yake ilikuja kufikia makubaliano ya malipo mwaka 2006. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati.

Mfano wa pili unachekesha na kuuma kwa pamoja. Kwenye filamu ya *Return of the Jedi* ya mwaka 1983 kuna kiumbe wa sayari nyingine anaitwa Nien Nunb, ana mashavu kama magunia, anaendesha chombo cha anga. Watazamaji wa Marekani walimsikia wakajua hiyo ni lugha ya huko angani. Kumbe sauti ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa akisoma huko, na anachosema ni Kikuyu na Kikalenjin! Mtu wa Nyeri anaingia sinema, anakuta kiumbe wa ajabu anaongea kama mjomba wake.

Wa tatu uko nyumbani kabisa. "Liberian Girl" ya Michael Jackson, kwenye albamu ya *Bad* ya mwaka 1987, inafunguliwa na sauti ya kike inayosema mapenzi kwa Kiswahili. Mwenye sauti ni Letta Mbulu, wa Afrika Kusini. Wimbo ni wa msichana wa Liberia. Sasa niambieni, Liberia na Kiswahili wapi na wapi? Ni kama mtu anaimba kuhusu binti wa Norway halafu anaanza na Kigiriki, kwa sababu si vyote ni vya Ulaya? Lakini ngojeni. Nikiwa mtoto, Kiswahili kile kilipotoka redioni, nyumbani tulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza Liberia imeingiaje. Tulifurahi kwamba tumetajwa.

Na Lionel Richie, kwenye "All Night Long" ya mwaka 1983, kuna kipande cha katikati ambacho kila mtu alidhani ni Kiafrika. Mwenyewe ameshasema alikibuni.

Ukiipanga mifano hii kama makosa mahakamani, Leftfield wanasimama wapi? Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kupungua moto. Maana Leftfield hawakuchukua neno la mtu wakaliharibu. Hawakumwacha mwenye wimbo afe maskini. Hawakusema Kikuyu ni lugha ya angani. Djum Djum hajaiba chochote, kwa sababu alichokisema hakikuwa cha mtu. Yeye ndiye aliyekibuni, na jina lake limeandikwa kwenye jalada. Kama huu ni wizi, basi ni wizi ambao hakuna nyumba iliyopungukiwa kitu.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa muziki, nilimpelekea hoja yangu ya hasira nikidhani ataniunga mkono. Akanipasua vipande. Nayaweka hapa majibu yake kwa sababu haki ni kuwasikiliza wanaokupinga.

Kwanza akaniuliza: "Wewe ulipokuwa mdogo uliimba nyimbo ngapi za Kikongo?" Nyingi. "Ulielewa maneno mangapi?" Hakuna. Tuliimba Kilingala cha kubuni mtaani kwetu mpaka mwisho, na shangazi yangu mmoja aliyaimba harusini kwa macho yaliyofumba kama anayeungama, na hakuwa akisema neno hata moja la kweli. Je, tuliwatukana Wakongo? Tuliwapenda!

Pili akanikumbusha kinyume. Watoto wa pwani, hasa Zanzibar, wana mchezo wa kugeuza silabi za maneno ili wakubwa wasiwaelewe. Kubuni lugha, akasema, ni furaha ya binadamu, haikuanza na Mzungu mwenye kompyuta.

Tatu akasema sauti ya mtu ni chombo. Hakuna anayeliuliza zeze limesema nini. Mwanzoni mwa "Afro-Left" kuna mlio wa waya unaofanana na wa berimbau, ule uta wenye kibuyu wanaoupiga Brazil kwenye kapoera, ambao asili yake ni Afrika ya Kati, ulikovushwa bahari pamoja na watumwa. "Huo uta hausemi neno," akasema, "na hujaulalamikia."

Hoja nzuri zote. Nimezikubali mbili na nusu.

Ile ya Kilingala naikubali, lakini kuna kitu kakiruka. Sisi tuliokuwa tunaimba Kilingala cha kubuni tulijua Kilingala cha kweli kipo, kina wenyewe, na wenyewe tungekutana nao sokoni. Redioni walikuwa wanaimba wao, kwa midomo yao. Makosa yetu yalikuwa chini ya ukweli wao. Kwenye "Afro-Left" hakuna ukweli ulio juu yake. Hakuna wimbo mwingine kwenye albamu hiyo ambapo Mwafrika anaimba kwa lugha yake ili cha kubuni kionekane ni cha kubuni. Mnunuzi wa Leeds mwaka 1995 aliondoka dukani akiamini amesikia Afrika. Hakuwa na sababu ya kuamini vinginevyo.

Hii ya uta naipa nusu. Uta ulizaliwa uta. Lugha ya kubuni inajifanya kitu kisicho chake.

Nilikuwa nimefika hapo, nimeshaandika hukumu kichwani, nikaiacha albamu iendelee mpaka mwisho. Kosa langu la miaka yote ni kwamba mimi huizima baada ya "Open Up". Ni wimbo wa kumi, umeshachoka kucheza, unataka maji. Wa kumi na moja unaitwa "21st Century Poem". Mashine zinashuka, mwendo unapungua, na mtu anasoma shairi. Kwa Kiingereza, wazi, neno kwa neno.

Nikaangalia jina la msomaji: Lemn Sissay. Jina si la Kiingereza. Nikaanza kutafuta, na ndugu zangu, niliyoyakuta yaliniweka macho mpaka adhana ya alfajiri.

Lemn Sissay alizaliwa mwaka 1967 karibu na Wigan, kaskazini mwa Uingereza. Mama yake alikuwa msichana wa Ethiopia aliyekwenda huko kusoma. Aliomba mtoto atunzwe kwa muda tu, amalize masomo. Ustawi wa jamii wakamchukua mtoto, wakampa familia ya Kizungu, wakambadilisha jina, akawa Norman. Mwaka 1968 mama aliandika barua akiomba mwanawe arudishwe. Mtoto hakurudishwa. Alipofika miaka 12 ile familia ikamkataa, akaanza kuzungushwa kwenye makao ya watoto. Ni alipokuwa kijana, anakaribia kutoka kwenye mfumo huo, ndipo alipokabidhiwa karatasi zake akaona jina lake la kweli kwenye cheti cha kuzaliwa, na barua ya mama yake. Miaka yote hiyo kulikuwa na mtu anamtaka. Alikuja kumpata mama yake akiwa na miaka 21, Gambia.

Na "Lemn", kwa Kiamhari, maana yake ni "kwa nini". Mwaka 2019 alitoa kitabu cha maisha yake kinachoitwa *My Name Is Why*. Kuanzia 2015 hadi 2022 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Manchester. Mtoto wa makao, huyo.

Sasa rudini kwenye albamu. Wimbo wa pili una Afrika ya kubuni, inayoongea haraka bila maana. Wimbo wa mwisho una Mwafrika wa kweli, damu ya Ethiopia, na anasoma kwa Kiingereza cha Kaskazini kwa sababu Kiamhari chake kilichukuliwa kabla hajajua kutembea. Kwenye wimbo mmoja kuna lugha isiyo na mwenyewe. Kwenye mwingine kuna mwenyewe asiye na lugha.

Sijui kama Barnes na Daley walilipanga hivyo. Sidhani. Wao walikuwa wanatafuta albamu ya kuchezea, na waliipata. Lakini kazi ya sanaa mara nyingi inasema ukweli kuliko waliyoitengeneza, na ukweli uliosemwa hapa ni wa Uingereza ya wakati ule: Afrika iliyokuwa ikipendwa ukumbini usiku, na Afrika iliyokuwa ikiandikwa jina jipya kwenye faili la ofisi mchana. Miaka 28 kabla ya *Leftism* ofisi moja iliona jina la Kihabeshi halifai, ikaweka Norman. Kwenye *Leftism* sauti za Kihabeshi, Kizulu, Kiswahili na nyingine zote zikawekwa kwenye chungu kimoja, zikatoka "Afro". Sisemi makosa hayo mawili yanalingana. La kwanza lilivunja maisha ya mtoto, la pili ni wimbo wa dansi. Nasema yametoka kwenye sikio lile lile.

Kwa nini nawachosha na albamu ya mwaka 1995? Kwa sababu jambo lenyewe halijaisha, limehamia mtaani kwetu.

Nina rafiki anaimba, ni sauti ya kukodi kwenye studio za Sinza. Mwaka jana alikuja mtayarishaji mmoja kutoka nje, jina halina haja, anatafuta sauti. Akamwambia rafiki yangu: imba chochote, kitu cha Kiafrika. Rafiki yangu akauliza, kuhusu nini? Akajibiwa haijalishi, hisia tu. Basi jamaa yangu akafumba macho, akakaza koo kama analia msibani, akaimba majina ya vituo vya daladala. Afrika Sana, Bamaga, Makaburini, Legho, Kumekucha. Akayarudia kwa huzuni kubwa. Mtayarishaji akashika kifua. Akasema hicho ndicho alichokifuata kutoka mbali.

Tulicheka siku hiyo mpaka tukashika mbavu. Mgeni alitaka kitu cha Kiafrika, kapewa Afrika Sana!

Lakini baadaye nilimuuliza, ulisaini nini? Hakusaini kitu. Alipewa shilingi 50,000 mkononi na soda. Wimbo umeitwaje? Hajui. Jina lake lipo? Hajui. Huenda sasa hivi, wakati unasoma hapa, kuna vijana kwenye ukumbi fulani wa Ulaya wameinua mikono juu, wanalia kwa uchungu wa kituo cha Makaburini, na mwimbaji yuko Sinza anadaiwa kodi.

Nani kamcheka nani hapo? Siku ile nilidhani ni sisi. Leo sina uhakika.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzee wa gari ni hili. Hapana mzee, hakutukana. Djum Djum aliimba kwa furaha, na wimbo ni mtamu, nitaendelea kuupiga na kuucheza. Sitaki ufutwe, sitaki mtu aombe radhi miaka 30 baadaye kwa barua iliyoandikwa na wakili. *Leftism* ni albamu kubwa, miongoni mwa kubwa kabisa zilizotengenezwa kwa mashine, na asiyeisikia kapungukiwa. Lakini hakutuimbia pia. Aliimba penye nafasi yetu. Nafasi ilikuwepo, dakika saba nzima, kwenye albamu iliyofika namba 3, na London ya mwaka 1994 haikukosa Mnigeria, Mkongo, Mghana wala Mzanzibari wa kumwita studio. Lydon aliitwa. Sissay aliitwa. Wangeweza kumwita mtu mmoja zaidi.

Na neno langu kwa ninyi mnaoimba, mnaopiga, mnaorekodi vyumbani kwenu: akija mtu akakwambia imba chochote cha Kiafrika, muulize "kuhusu nini?" Akikwambia haijalishi, mwambie bei ya haijalishi ni kubwa zaidi. Andika maneno yako kwenye karatasi. Andika maana yake. Andika jina lako kama lilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa, chukua nakala, weka kwa mama. Solomon Linda hakuwa na kipaji kidogo kuliko chako. Alikosa karatasi.

Nilimsimulia mzee wa gari habari za Sissay jana, tukiwa foleni ya Ubungo. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniomba nimwekee ule wimbo wa mwisho. Kiingereza hakijui sana, mzee wetu. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusema amesikia "mama" wala "njoo". Akaniuliza tu, "Huyu kijana anasema nini?" Nikamtafsiria nilivyoweza, taa ya kijani ikawaka, wenye honi wakaanza.

Haya, nimemaliza. Sikilizeni albamu, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, msizime wa kumi kama mimi. Halafu njooni tubishane. Wewe ungemjibu nini mzee wa gari? Mimi narudi kwenye ile ripoti ya mkoani, mhariri keshanipigia mara tatu na mara zote tatu nilikuwa nimevaa hedifoni.